Mbinu za kusaka maneno marefu ya Kiingereza kutokana na herufi chache

Kusaka neno refu la Kiingereza kutokana na herufi chache ni shughuli inayoonekana nyepesi machoni, lakini imewatoa jasho wengi. Ndiyo msingi wa mchezo wa Scrabble, wa chemshabongo nyingi za magazetini na wa mashindano ya runinga yaliyodumu kwa miongo.

Fumbo hili huja kwa sura mbili ambazo aghalabu huchanganywa. Katika sura ya kwanza, mchezaji hupewa herufi na haruhusiwi kuongeza nyingine. Katika ya pili, hupewa herufi ambazo sharti zote ziwemo katika neno, ila yuko huru kuongeza nyingine apendavyo.

Mfano bora wa sura ya kwanza ni kipindi cha Countdown, kilichoanza kupeperushwa Uingereza mnamo 1982 kwa kuiga kipindi cha Kifaransa kilichozaliwa 1965. Washindani hupata herufi tisa na sekunde 30 za kutafuta neno refu kuliko la mwenzao. Anayezitumia zote tisa hutunukiwa alama 18.

Kubahatisha hakufai kitu. Herufi saba tofauti zaweza kupangwa kwa njia 5,040, na herufi tisa kwa njia 362,880. Hivyo basi, mabingwa hutegemea mbinu.

Mbinu ya kwanza ni kutenga viambishi. Msemaji wa Kiswahili ana faida hapa, kwani amezoea kuambua neno kama "wasiosoma" hadi vipande vyake: wa-si-o-som-a. Kiingereza nacho kina viambishi awali kama vile un-, re- na dis-, na viambishi tamati kama vile -ing, -ed, -er, -able na -tion. Mchezaji huviweka kando kwanza, kisha hutafuta mzizi katika herufi zilizosalia.

Neno "uncopyrightable" ladhihirisha hayo. Lina herufi 15, hakuna hata moja inayojirudia, na irabu zote tano zimo. Hata hivyo, ukilikata kwa viungo vyake halitishi tena: un, copy, right na able. Maana yake ni kitu kisichoweza kulindwa kwa hakimiliki.

Mbinu ya pili ni kupanga herufi kwa utaratibu wa alfabeti. Maneno "listen", "silent", "enlist", "tinsel" na "inlets" yote huzaa mfuatano mmoja, EILNST. Anayeukariri mfuatano huo pamoja na majibu yake huyatambua mara moja anapokutana nao. Vivyo hivyo, herufi za neno "satire" zikiongezwa N hutoa "nastier", "retains" na "retinas".

Katika sura ya pili ya fumbo, busara ni kuanza na herufi adimu. Yeyote anayehitaji X, Y na Z kwa pamoja asipoteze wakati akiwazia maneno ya kawaida; ageukie istilahi za sayansi, ambako atakutana na "hydroxyzine", jina la dawa ya kutuliza mwasho.

Nayo Q, ambayo karibu kila mara hufuatwa na U, huachana na mwenziwe huyo katika maneno yenye asili ya Kiarabu. "Qadi", "talaq" na "faqir" yamo katika orodha za Scrabble, na si mageni kwa Mswahili: ni kadhi, talaka na fakiri.

Uadimu wa herufi ndio uliomwongoza Mmarekani Alfred Butts, msanifu majengo aliyepoteza kazi wakati wa mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930, alipobuni mchezo uliopewa jina Scrabble mnamo 1948. Alihesabu herufi magazetini ili kujua zipi hutumika zaidi. Ndiyo maana E ina vigae 12 kati ya 100, ilhali Q na Z zina kimoja kimoja chenye thamani ya alama 10.

Siku hizi kompyuta hufanya kazi hiyo kufumba na kufumbua. Programu huweka alama kwa kila neno la kamusi kuonyesha ni zipi kati ya herufi 26 zimo ndani yake, kisha huondoa yasiyotimiza sharti na kuyapanga yaliyosalia kwa urefu. Ubora wa jibu hutegemea orodha iliyotumiwa. Orodha ya Collins ya 2019, iliyotumiwa na wachezaji wa Scrabble, ilikuwa na maneno 279,496, mengi yakiwa hayasikiki kamwe katika mazungumzo.

Hapo ndipo penye utata. Je, kuyajua maneno ni kuijua lugha? Nigel Richards wa New Zealand alitwaa ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa mnamo 2015 ilhali hakukizungumza Kifaransa. Alikuwa amekariri maneno tu. Kwa mwanafunzi anayelenga kuandika insha, ushindi wa namna hiyo hauna tija. Neno asilojua maana wala matumizi yake ni sawa na ufunguo usio na kufuli.

Isitoshe, urefu si ushindi kila mara. Mwaka uo huo wa 2015, Wellington Jighere wa Nigeria aliibuka Mwafrika wa kwanza kunyakua ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kiingereza, katika mashindano yaliyofanyika Perth, Australia. Wachezaji wa Nigeria walisifika kwa kuchagua maneno mafupi hata walipokuwa na marefu, ili kuhifadhi herufi nzuri na kumfungia mpinzani nafasi.

Kwa hivyo, anayejifunza mchezo huu na asake neno refu kwanza, alipime, kisha ajiulize iwapo lafaa kutumiwa.