Benki, Kipande na Gazeti la Kufungia Nyama

Ukinunua robo kilo ya nyama kwenye bucha za mtaa wa Baba Dogo, Nairobi, huenda ukakabidhiwa ikiwa imefungwa kwa gazeti la zamani. Hata likilowa damu, herufi bado zinasomeka: mnada wa ploti ambayo mwenyewe ameshindwa kulipa mkopo, hatimiliki iliyopotea, jina la marehemu na la anayeomba kusimamia mirathi yake. Benki, mahakama na familia ziko kwenye ukurasa mmoja. Wengi huutupa jikoni. Lakini anayetaka kujua Mkenya alianza lini kuaminiwa na pesa, aanzie kwenye kurasa kama hizo.

Gazeti Rasmi la Serikali, linalobeba matangazo ya hatimiliki na mirathi kama hayo, lilianza kuchapishwa 1899, mwaka uleule reli ilipofika Nairobi. National Bank of India ilikuwa imetangulia: ilifungua tawi Mombasa 1896, kisha Nairobi 1904. Pesa ya siku hizo ilikuwa rupia. Walowezi, serikali na wafanyabiashara ndio waliohudumiwa. Mwafrika akionekana benki, aghalabu alikuwa tarishi.

Tarishi mmoja wa namna hiyo alikuwa Harry Thuku, kijana kutoka Kiambu aliyeingia Nairobi mwaka 1911 na kupata kazi ya kutumwatumwa katika Standard Bank. Haikuchukua muda akafungwa miaka 2 kwa shauri la hundi ya kughushi. Alipotoka, aliajiriwa kupanga herufi za chapa katika gazeti la walowezi lililoitwa Leader. Kila habari ilimpitia vidoleni herufi kwa herufi, na bila shaka alijifunza jinsi mlowezi anavyomzungumzia Mwafrika akidhani hasomi. Baadaye akawa karani wa simu katika Idara ya Hazina. Benki, jela, chapa, hazina: kijana huyo alikuwa amezijua nyumba zote za dola akiwa bado hajafika miaka 30.

Mwaka 1920 serikali iliifunga thamani ya rupia kwenye shilingi 2 za Kiingereza, badala ya shilingi 1 na peni 4 za zamani. Mlowezi aliyekopa kwa rupia akaamka na deni lililonenepa usiku mmoja, na bei ya mazao nayo ikaanguka. Ilipofika 1921, waajiri waliafikiana kupunguza mshahara wa Mwafrika kwa theluthi moja. Kipande, kitambulisho ambacho mwanamume wa Kiafrika alilazimishwa kukibeba, kilikuwa tayari kimeanza kuning'inia shingoni, na kodi ya kichwa haikupungua. Thuku akaanzisha chama kilichokuja kuitwa East African Association, na akachapisha karatasi yake mwenyewe, Tangazo, ili watu wasome hesabu hiyo kwa upande wao.

Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye umati ulizingira kituo cha polisi cha Nairobi. Wanaume walipoanza kusitasita, Mary Muthoni Nyanjiru aliwasuta na kuwaongoza mbele. Polisi wakafyatua risasi. Nyanjiru akawa miongoni mwa waliouawa. Thuku akahamishiwa Kismayu bila kufikishwa mahakamani.

Sheria nayo ilikuwa na namna yake ya kumfungia Mwafrika mlango wa benki. Chini ya kanuni za kikoloni za mikopo kwa wenyeji, mtu asiye Mwafrika aliyemkopesha Mwafrika zaidi ya shilingi 200 bila kibali cha serikali hakuweza kumdai mahakamani. Ilisemwa kwamba ni kumkinga asizame kwenye madeni. Matokeo yake yalikuwa wazi: nani angemkopesha mtu asiyeweza kumshtaki? Mwenye duka kijijini alibaki na mtaji wa mfukoni.

Uhuru ulibadilisha majina mlangoni. Benki Kuu ilifunguliwa Septemba 1966 na shilingi ya Kenya ikatoka. Benki ya Ushirika ilianza kazi 1968. Mwaka 1970 serikali ilichukua asilimia 60 ya National and Grindlays, mrithi wa ile National Bank of India, ikazaliwa Kenya Commercial Bank. Hata hivyo, kibarua anayesimama alfajiri kwenye lango la kiwanda Baba Dogo hakuwa na hatimiliki ya kuweka rehani. Akina mama wakategemea chama: kila mmoja anatoa chake, fungu zima linamwendea mwenye zamu, na dhamana ni jina lako kwa majirani. M-Pesa ilipokuja Machi 2007, iliwakuta watu wanaojua kuaminiana kwa pesa tangu zamani.

Sasa panda matatu uende mjini, uyatazame majengo mawili. Jengo la Kenyatta Avenue ambamo Waafrika waliandikishwa na kuvikwa kipande, Kipande House, leo ni tawi la benki. Na jengo la Moi Avenue lililokuwa la benki tangu enzi za reli, leo ni Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa. Ndani ndimo yalimo magazeti na faili za zamani, na raia yeyote anaruhusiwa kuyaomba na kuyasoma. Ukipita pale, ingia. Na ile karatasi ya bucha, isome kwanza kabla hujawashia jiko.