Kundi si Ukoo: Historia ya Antijeni za Damu kutoka Vienna hadi Salonika

Makala haya yanafuatilia namna dhana ya kundi la damu ilivyozaliwa maabarani, ikavutwa kwenye siasa za mbari, na somo ambalo historia hiyo inaiachia istilahi ya Kiswahili.

Mwaka 1901 Karl Landsteiner, daktari wa Vienna, alichapisha matokeo ya kuchanganya seramu na chembe nyekundu za damu za watu wenye afya. Baadhi ya chembe zilishikamana kuwa vibonge, nyingine hazikushikamana. Alitenga makundi matatu. La nne, AB, lilitambuliwa na Decastello na Sturli mwaka 1902. Chembe hubeba antijeni, yaani alama ambazo mfumo wa kinga huzitambua, nayo seramu hubeba kingamwili dhidi ya antijeni ambayo mwenyewe hana. Mtu wa kundi A ana kingamwili dhidi ya B. Wa kundi O hana antijeni hizo mbili, bali ana kingamwili dhidi ya zote. Ndiyo maana damu iliyotiwa bila kupimwa iliweza kuua.

Mwaka 1910 Ludwik Hirszfeld na Emil von Dungern walithibitisha kwamba antijeni hizo hurithiwa. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Hirszfeld na mkewe Hanna walipima takriban watu 8,000 wa mataifa mbalimbali waliokusanyika Salonika, wengi wao wanajeshi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1919: makundi yalienea katika mataifa yote, tofauti ikiwa katika uwiano tu. A lilizidi Ulaya Magharibi, B miongoni mwa Wahindi. Hata hivyo, waliuita uwiano huo kipimo cha mbari, na wananadharia wa mbari nchini Ujerumani wakaudaka. Mwaka 1941 Hirszfeld mwenyewe, kwa kuwa mzaliwa wa Kiyahudi, alifungiwa katika geto la Warsaw. Alitoroka, akaokoka.

Kiswahili husema damu nzito kuliko maji, kikimaanisha udugu. Antijeni hazifuati maana hiyo. Ndugu wa tumbo moja, mmoja A na mwingine B, hawawezi kupeana damu, ilhali mgeni kutoka ng'ambo aweza kumfaa mmoja wao. Kwa hiyo neno kundi, ambalo hukusanya hata wasio na nasaba, linafaa kudumishwa katika vitabu vya kiada. Aina, na hasa mbari, yasichukue nafasi yake.