Muhula Mmoja Ulaya: Nani Atahesabu Ulichosoma?



Kila mwaka swali ni lile lile: "Kaka, nifanye nini nipate muhula mmoja Ulaya?" Wengi wanalianzia kwenye simu. Wanatafuta majina ya vyuo vikubwa, wanatuma barua pepe kumi, wanangoja. Mimi ni mtu wa historia, kwa hiyo nitapitia huko kwanza, halafu tutafika kwenye dosie yenyewe. Mnivumilie kidogo, maana historia hii inaanzia hapa hapa kwetu.

Mwezi wa nne 1858, Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walifika Uvira kwa mitumbwi wakitokea Ujiji. Walikuwa na swali moja: mto Ruzizi unaingia ziwani au unatoka? Kama unatoka kwenda kaskazini, basi huenda Tanganyika ndiyo chanzo cha Nile. Watu wa hapa waliwajibu wazi, wakiwemo wana watatu wa chifu Maruta: unaingia. Wageni wenyewe hawakufika mahali mto unapomwagikia, kwa sababu wapiga kasia walikataa kusonga mbele. Burton aliandika jibu hilo kitabuni, lakini miaka michache baadaye akaligeuka, akadai ziwa linaweza kuwa linalisha Nile. Wakubwa wa jiografia huko London wakaendelea kubishana. Ni Novemba 1871 tu, Livingstone na Stanley walipofika kaskazini mwa ziwa na kuona maji kwa macho yao, ndipo ikakubalika kwamba Ruzizi unaingia.

Miaka 13 kungoja jibu ambalo mvuvi yeyote wa Uvira alikuwa nalo! Elimu ilikuwepo, ila haikuhesabiwa, kwa kuwa anayehesabu alikuwa mbali. Shikeni neno hilo, kuhesabiwa. Tutalikuta tena.

Sasa tuwaangalie Wakongo waliokwenda upande wa pili. Paul Panda Farnana, mtoto wa Kongo ya Chini, alipelekwa Ubelgiji akiwa mdogo, akalelewa huko na mwanamke Mbelgiji. Mwaka 1907 alipata diploma ya kilimo cha bustani huko Vilvoorde, na mwaka 1909 akarudi Kongo kama mtumishi wa serikali. Alikuwa mwenye akili, hakuna ubishi. Lakini njia yake ilikuwa bahati ya mtu mmoja. Hakukuwa na ofisi ambayo kijana wa pili angepeleka maombi yake. Panda mwenyewe aliliona hilo, na baada ya vita ya kwanza ya dunia alidai hadharani kwamba Wakongo wafunguliwe elimu ya juu. Alikufa mwaka 1930 bila kuiona.

Huku kwenye ziwa letu, upande wa kusini, Stefano Kaoze aliwekwa padre mwaka 1917, wa kwanza katika Kongo yote. Alikuwa amekaa miaka na miaka kwenye Kilatini, falsafa na teolojia. Joseph Kasa-Vubu, atakayekuwa rais wa kwanza, naye alisoma falsafa katika seminari kuu ya Kabwe, huko Kasai. Alipotoka kwenye njia ya upadre, masomo yale hayakumpa digrii. Akawa mwalimu, kisha karani. Alikuwa amesoma kweli, ila karatasi yake haikuwa na thamani mbele ya utawala.

Thomas Kanza ndiye Mkongo wa kwanza asiye mtu wa seminari kuingia chuo kikuu cha Ubelgiji, pale Louvain, mwaka 1952. Lovanium ya Kinshasa ikafunguliwa 1954. Matokeo mnayajua: tarehe 30 Juni 1960 nchi nzima ilikuwa na wahitimu wa chuo kikuu wasiofika 30. Kulikuwa na mamia ya mapadre waliosoma miaka mingi, lakini hao hawakuingia kwenye hesabu. Miezi michache baadaye, Septemba 1960, Mobutu aliposimamisha wanasiasa, alikabidhi wizara kwa baraza la makamishna. Wengi wao walikuwa vijana waliotoka tu chuoni au ambao bado walikuwa wanasoma. Fikiria umeitwa kuongoza wizara kabla ya kutetea kazi yako ya mwisho!

Kwa nini nimewaletea haya yote? Kwa sababu muhula wa kubadilishana ni kitu tofauti na safari zote hizo. Ulaya ilianzisha programu ya Erasmus mwaka 1987, wanafunzi wa nchi 11 wakaanza kutembeleana. Mwaka 1999 mawaziri wa nchi 29 walitia sahihi huko Bologna, na kutoka hapo ukaenea mpangilio wa krediti: 30 kwa muhula, 60 kwa mwaka. Tangu 2015 programu hiyo, sasa ikiitwa Erasmus+, inaruhusu pia wanafunzi wa Afrika kwenda kwa muhula na kurudi. Na sisi Kongo tukaingia kwenye LMD kwa jumla kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022. Wengi tulilalamika kwamba ni kuiga Wazungu. Labda. Lakini LMD imetupa kipimo kimoja ambacho profesa wa Uvira na profesa wa Ghent wanaweza kukisoma bila mkalimani.

Ukienda kwa muhula wa kubadilishana, hauhami chuo. Unabaki mwanafunzi wa nyumbani, unasoma huko, unarudi na krediti zako, na chuo chako kinaziandika. Kwa hiyo mlango wa kwanza hauko Brussels wala Paris. Uko kwenye ofisi ya katibu mkuu wa masomo wa chuo chako, yule tunayemwita SGAC.

Hapo ndipo dosie inapoanzia, na mpangilio wake ni huu.

Kwanza, uliza kama chuo chako kina makubaliano na chuo chochote cha Ulaya. Bila makubaliano ya vyuo viwili, hakuna muhula wa kubadilishana, hata uwe na asilimia 85. Katika Erasmus+, fedha zinaombwa na chuo cha Ulaya, na mwanafunzi anachaguliwa na chuo chake. Ndiyo maana barua pepe zako kumi hazijibiwi. Kama makubaliano hayapo, tafuta mwalimu wenu aliyesoma au anayefanya utafiti na wenzake wa huko. Mkataba mwingi umezaliwa kwa walimu wawili wanaofahamiana. Jipe mwaka mzima, hata zaidi.

Pili, mkataba wa masomo. Ni karatasi inayotaja kila somo utakalosoma huko na somo la hapa litakalobadilishwa nalo. Inatiwa sahihi na watu watatu: wewe, chuo chako na chuo kinachokupokea. Usipande ndege bila sahihi ya nyumbani. Bila hiyo, unaweza kurudi na alama nzuri, halafu jopo la mitihani likakuambia urudie muhula. Umesoma na haukuhesabiwa. Hiyo ni 1858 tena, safari hii ndani ya ofisi yetu wenyewe.

Tatu, majina. Hili nalo ni la historia. Mwaka 1972 Mobutu alikataza majina ya Kikristo, na kutoka hapo tukabaki na jina la tatu, postnom. Fomu za Ulaya zina nafasi mbili tu: jina la ukoo na jina la kwanza. Amua mapema postnom inakaa wapi, fuata pasipoti yako, na uhakikishe diploma ya serikali, orodha ya alama na pasipoti vinasema kitu kimoja. Herufi moja ikitofautiana, dosie inaweza kukwama.

Nne, viza na pesa. Muhula unapita siku 90, kwa hiyo viza ya Schengen ya muda mfupi haitoshi. Unahitaji viza ya muda mrefu ya nchi unayokwenda. Kwa kawaida dosie ya mkaaji wa Kongo inapitia Kinshasa, na sisi wa Uvira tunajua Kinshasa iko ng'ambo gani ya nchi. Weka safari hiyo kwenye hesabu zako, na acha wiki kadhaa za ziada, maana barabara ya Bukavu au mpaka wa Kavimvira vinaweza kufungwa siku usiyotegemea. Katika kubadilishana haulipi minervali huko, ila ya hapa inaendelea. Burse ya mwezi ipo, lakini mara nyingi inaanza ukishafika. Pasipoti na viza zinatoka mfukoni mwa familia kwanza. Na mtu akikuambia mpe dola mia tatu akuchagulie chuo, huyo anauza kitu ambacho si chake.

Tano, ujue unaenda kusoma nini. Barua nyingi za maombi zinasema "nataka kupanua upeo wangu". Zote zinafanana. Kumbe sisi tuna hoja ambayo wengine hawana. Mwaka 1946 na 1947 Wabelgiji walifanya msafara mkubwa wa kuchunguza ziwa letu, na samaki waliokusanywa wakapelekwa Ubelgiji. Baadaye kituo cha utafiti wa maji kikajengwa hapa Uvira, ambacho leo ni CRH. Nyaraka za Stanley ziko kwenye makumbusho ya Tervuren, karibu na Brussels. Mwanafunzi wa biolojia anaweza kuandika: nataka kuona samaki wa ziwa langu walivyokuwa kabla hali ya maji na uvuvi haijabadilika. Wa historia anaweza kuandika: nataka kusoma alichoandika Stanley kuhusu Ruzizi, kisha nilinganishe na wanachosimulia wazee wa Kavimvira. Profesa wa huko akisoma barua kama hiyo, anaelewa kwamba anayekuja ana kitu cha kumfundisha pia. Si ndiyo maana ya kubadilishana?

Burton na Speke walikaa Uvira siku chache, wakarudi na jibu letu, na wana wa Maruta hawakuitwa popote kulieleza. Leo mwana wa Uvira anaweza kwenda kulieleza mwenyewe, akarudi na krediti 30 zilizoandikwa kwa jina lake kamili, postnom ikiwemo.

Kwa hiyo Jumatatu, kabla ya kufungua simu, pita kwa SGAC. Muulize maswali mawili: tuko na makubaliano na nani, na nikirudi nani atatia sahihi krediti zangu? Kama jibu ni "hatuna", muombe ruhusa ya kuanza kulitafuta, na mwende mkiwa watatu au wanne.