Mashine za sauti: kutoka siri ya vita hadi kwaya za Kivu

Swali moja linarudi kila mara katika kwaya na vikundi vya vijana wa Kivu, zaidi wale waliohama Masisi na Rutshuru tangu vita virudi mwishoni mwa 2021 na kuacha vyombo vyao nyuma. Franga kidogo zikichangwa, inunuliwe nini kwanza? Kinanda cha umeme, ao ile mashine ndogo inayomfanya mwimbaji mmoja asikike kama watu wanne? Muuzaji atajibu: vyote viwili. Lakini mashine hizo zina historia ndefu, na sehemu yake nzuri ilifanyika hapa hapa Kongo. Mwenye kuijua hatadanganywa haraka na taa zinazowaka kwenye sanduku.

Mwanzo wake haukuwa muziki. Homer Dudley alikuwa injinia wa Bell Labs, maabara ya kampuni ya simu ya Marekani. Kuanzia 1928 alitafuta njia ya kubana mazungumzo ya watu ili mengi zaidi yapite katika waya mmoja. Aliona kwamba sauti ya mtu ni vitu viwili vilivyoshikana: mlio unaotoka kooni, na umbo ambalo ulimi, meno na midomo vinaupatia mlio huo. Umbo linabadilika polepole kuliko mlio. Basi inawezekana kulipima, kutuma vipimo peke yake, na upande wa pili mashine ikajenga sauti upya kwa mlio wake yenyewe. Kifaa hicho kikaitwa vokoda. Ndugu yake, Voder, ilionyeshwa kwa watu New York mwaka wa 1939. Hiyo haikusikiliza mtu. Ilisemeshwa kwa vidole, na wasichana walioicheza walifunzwa karibu mwaka mzima kabla ya kuweza kutoa sentensi inayoeleweka.

Halafu vita vikaichukua. Mwaka wa 1943 jeshi la Marekani lilifungua mtambo wa simu za siri ulioitwa SIGSALY, wenye vokoda ndani yake, kati ya Washington na London. Kituo kimoja tu kilikuwa na uzito wa karibu tani 50. Kituo kingine kiliwekwa Algiers, kwa hiyo Afrika iliipokea mashine ya sauti mapema sana, ila ndani ya chumba kilichofungwa, kwa mazungumzo ya majenerali. Leo kazi ileile ya kuchambua sauti inafanywa na kisanduku kinachoingia katika mfuko wa shule.

Safari ya kuingia kwenye muziki ilichukua miaka zaidi ya ishirini. Wendy Carlos na Robert Moog walitengeneza vokoda ya muziki mnamo 1970, nayo ikasikika mwaka uliofuata katika filamu A Clockwork Orange. Kundi la Kraftwerk la Ujerumani likaitumia mwaka wa 1974. Herbie Hancock, mpiga piano wa jazi wa Marekani, aliimba kwa vokoda ya kampuni ya Sennheiser katika albamu yake Sunlight ya 1978. Yeye hakuwa mwimbaji. Alicheza noti kwa vidole, akasema maneno kwenye mikro, na mashine ikaunganisha hivyo viwili. Jambo hilo likumbukwe, maana wengi wananunua vokoda bila kulijua: vokoda haiimbi yenyewe. Inahitaji mtu anayejua kinanda.

Wakati huo Kongo haikuwa imekaa ikingoja. Miaka ya 1950, studio za Léopoldville zilikuwa zikishindana kwa vyombo vya umeme. Kwenye studio ya Opika, Mbelgiji Gilbert Warnant alicheza Solovox, kinanda kidogo cha Hammond kilichotoka mwaka wa 1940, ambacho kilifungwa chini ya vibao vya piano na kutoa noti moja tu kwa mara moja. Mwaka wa 1953 Mbelgiji mwingine, Bill Alexandre, akafika na gitaa la umeme kwa ajili ya studio ya CEFA, na vijana wapiga gitaa wa mji wakaja kutazama vidole vyake. Vyombo hivyo vilikuwa mali ya studio. Mwanamuziki alivigusa siku ya kurekodi, kisha akarudi nyumbani mikono mitupu. Hali hiyo wengi katika kwaya zetu wanaifahamu: kinanda ni cha parokia ao cha mtu mwenye gari, na siku akihama, wimbo unahama naye.

Mabadiliko ya bei yalikuja kutoka Japani. Mwaka wa 1983 Yamaha ilitoa DX7, sintetaiza iliyojengwa juu ya ugunduzi wa John Chowning wa Chuo Kikuu cha Stanford. Iliuzwa Marekani kwa dola 1,995. Leo zinaonekana nyingi. Kwa chombo cha aina hiyo wakati huo zilikuwa kidogo, na DX7 ikaenea dunia nzima. Mwaka huohuo makampuni yalikubaliana juu ya lugha moja ya kuunganisha vinanda, MIDI, na mpaka leo kinanda cha 1985 kinaweza kuzungumza na kompyuta mpya. Orkesta za Kongo, nyumbani na kule Paris, zikaanza kukipatia kinanda sehemu zilizokuwa zinachezwa na tarumbeta. Tarumbeta tatu ni watu watatu wa kulisha na kusafirisha. Hesabu hiyo iliwashinda viongozi wengi wa orkesta, na ni haki kusema kwamba muziki ulipoteza kitu hapo.

Lakini kifaa kilichofanya kazi kubwa kuliko bei yake hakikuwa DX7. Kilikuwa Casio MT-40, kinanda cha nyumbani cha dola kama 150, chenye midundo iliyotiwa ndani tayari. Mmoja wa midundo hiyo ulitungwa na Okuda Hiroko, msichana aliyekuwa ameingia kazini Casio siku si nyingi. Huko Jamaika kinanda hicho kikaangukia mikononi mwa vijana Noel Davey na Wayne Smith. Waliupunguza mwendo mdundo huo, wakaupeleka kwa mtayarishaji King Jammy, na mwaka wa 1985 ukatoka wimbo Under Mi Sleng Teng. Muziki wa dansi wa Jamaika ukageuka. Waimbaji wengi walirekodi juu ya mdundo uleule, na studio zilizokuwa zinalipa wapiga ngoma na besi zikabaki zikishangaa. Kinanda hicho hakikuwa hata kimetengenezwa kwa ajili ya jukwaa.

Na hapa ndipo habari inarudi Kinshasa, kwa mtu aliyekwenda mbali zaidi bila kununua karibu kitu. Mingiedi Mawangu alitoka upande wa mpaka wa Angola, akacheza likembe, kile chombo cha vibao vya chuma ambacho wazee wetu wa Kivu pia wanakijua. Kijijini likembe inatosha. Kinshasa, kando ya barabara yenye magari na bari zenye bafle, haisikiki. Basi Mingiedi na wenzake wa Konono N°1 walichukua sumaku kutoka vyuma vya magari makukuu, wakachonga mbao, wakatengeneza mikro zao wenyewe na kuzifunga kwenye likembe. Sauti ilitokea kwenye lance-voix, zile spika za pembe zilizotumiwa zamani kutangazia watu.

Matokeo yalikuwa na mkwaruzo na mvumo. Fundi wa Ulaya angesema mtambo umeharibika. Wao walisikia kwamba mvumo huo unafanana na ule mlio ambao likembe ya zamani inatoa, vile vipete vya chuma vinavyotetemeka juu ya vibao, wakauacha na kuucheza. Hiyo ni sauti mpya iliyojengwa kwa umeme. Kundi lilirekodiwa Kinshasa mwaka wa 1978 kwa ajili ya lebo ya Ocora ya Ufaransa. Vincent Kenis, mtayarishaji Mbelgiji, aliisikia kazi hiyo na kuwatafuta kwa miaka mingi, na albamu Congotronics ikatoka 2004. Mnamo 2010 Herbie Hancock, yuleyule wa vokoda, aliwaweka Konono katika albamu yake The Imagine Project, na wimbo walioshiriki ukapata tuzo ya Grammy mwaka uliofuata. Mmoja alikuja na vyombo vya bei ya nyumba, mwingine na sumaku za gari. Mingiedi alifariki 2015.

Konono hawakuwa peke yao. Wale atalaku wa Zaïko Langa Langa, waliopandisha moto wa dansi kwa kelele zao miaka ya 1980, walikuwa wakitikisa kayamba lililotengenezwa kwa kopo la dawa ya wadudu. Na kundi la KOKOKO! la Kinshasa, lenye vyombo vya chupa, makopo na vyuma, lilitoa albamu yake ya kwanza, Fongola, mwaka wa 2019.

Imebaki mashine moja ambayo vijana wanaiomba kuliko zote, nayo ndiyo inayowapotezea franga nyingi. Auto-Tune ilitoka 1997. Andy Hildebrand, aliyeitunga, alikuwa ametumia hesabu za mawimbi kutafuta mafuta chini ya ardhi. Akageuza hesabu hizo kunyoosha noti za waimbaji. Cher alipoimba Believe mwaka wa 1998, watayarishaji wake walificha siri na kusema kwamba walitumia mashine ya aina ya vokoda. Tangu siku hiyo watu wanachanganya vitu vitatu. Vokoda inaazima noti kutoka kinanda. Kirekebisha noti kinamvuta mwimbaji kwenye noti ya karibu. Na mashine ya sauti nyingi inaongeza juu ya sauti ya mwimbaji nakala zake za juu na za chini. Hiyo lazima iambiwe wimbo uko katika ufunguo gani, ama sivyo italia kinyume mbele ya watu. Boss VE-20, kwa mfano, inawekewa ufunguo kwa mkono kabla ya kuanza. Kwaya inayopanda ufunguo katikati ya wimbo, kama zetu zinavyopenda, itapata aibu.

Kwa kweli kwaya yenye soprano, alto, tena na besi haina haja ya kununua watu wanne ndani ya sanduku. Inawahitaji wasikike. Mashine yoyote ya sauti inafanya kazi na kile mikro inachoipatia. Mikro mbovu inatoa mashine mbovu, hata ingekuwa ya dola 500. Kwa hiyo mikro ya daini ya kawaida, isiyohitaji umeme wake, inakuja kwanza. Baadaye kinanda. Mashine ya sauti ni ya mwisho, na ni ya orkesta yenye mwimbaji mmoja ao wawili.

Kwa anayetaka kinanda na vokoda pamoja, microKORG ya Korg, iliyotoka 2002 kwa karibu dola 400, bado inapatikana iliyotumika. Ina vibao 37 vidogo, mikro yake yenyewe, na inatembea kwa mawe sita ya AA, yale madogo ya tochi. Mahali ambapo umeme unakatika katikati ya ibada, ao hakuna umeme kabisa, hayo mawe sita yana thamani kuliko sauti mia. Ubaya wake: inatoa noti nne tu kwa pamoja. Mpiga kinanda wa kanisa aliyezoea kujaza mikono yote miwili ataona noti zinakatika, naye atahudumiwa vizuri zaidi na kinanda cha kawaida cha Yamaha ao Casio chenye midundo ndani, ndugu wa MT-40.

Simu yenye programu ya bure inaweza kufundishia nyumbani. Jukwaani mara nyingi inachelewesha sauti, na mwimbaji anaanza kujisikiliza nyuma yake mwenyewe.

Kabla ya kulipa, kigeuzwe chombo na kusomwa mgongoni. Vinanda vingi vilivyotumika vinatoka Japani na Marekani, kwenye umeme wa volti 100 na 120. Vyenye waya wa moja kwa moja vikichomekwa kwenye 220 yetu vinaungua papo hapo. Vyenye chaja ya nje vina hatari nyingine: alama ndogo ya duara yenye kujumlisha na kutoa. Chaja za Boss na za Casio nyingi za zamani zina alama ya kutoa katikati, za Yamaha zina ya kujumlisha, na chaja ya sokoni inayoingia vizuri kwenye tundu inaweza kuwa kinyume. Muuzaji aombwe awashe chombo kwa nusu saa, na kwaya ije na mikro yake.