Chavua na Undugu wa Amatovu

Magharibi ya Ziwa Viktoria, katika nchi ya vilima itokayo Nyabusozi kuelekea Ngara, huota kichaka chenye miiba ambacho Waganda hukiita amatovu na Wanyarwanda igitovu. Undugu wa majina hayo mawili husikika mara moja. Undugu wa mimea yenyewe haukujulikana kwa wepesi huo, maana jamaa yake, Akanthasea, ina maelfu ya aina, na maua yake humdanganya mtazamaji.

Emin Pasha na Franz Stuhlmann walifika Bukoba mwaka 1890, na mimea aliyoikusanya Stuhlmann ikapelekwa Berlin. Huko Gustav Lindau aliichunguza kwa darubini, akatazama chavua, yaani ule unga wa dume wa ua. Aliona kwamba chembe za Ruellia zina matundu kama sega la nyuki, za Dyschoriste zina mbavu, na za Justicia zina vifundo kandokando ya matundu yake. Mwaka 1895 akatoa mpango wake: aligawanya sehemu kubwa ya mimea hiyo kwa jinsi petali zinavyokunjana katika tumba, kisha kwa chavua. C. B. Clarke, aliyeandika habari za jamaa hiyo kwa Afrika ya tropiki katika miaka ya 1899 na 1900, hakuufuata mpango huo. Lindau alikuwa na desturi ya kuandika umbo la chavua, na mara nyingi vipimo vyake, katika maelezo ya aina mpya. Desturi iliyoonekana kuwa ya mtu mchunguzi kupita kiasi. Lakini Machi 1943 mabomu yaliteketeza sehemu kubwa ya hazina ya mimea ya Berlin. Palipokosekana vielelezo pacha katika nchi nyingine, yalibaki maandishi hayo.

Hata hivyo chavua si hakimu wa kila shauri. Bremekamp wa Utrecht, kwa sababu kadhaa, aliitoa Thunbergia katika jamaa hiyo. Nayo kweli ina chavua ya ajabu, iliyozungukwa na mifuo kama parafujo. Uchunguzi wa DNA umeirudisha. Tena, mwaka 2002, Schwarzbach na McDade walionyesha kwamba mchu wa mikokoni ya pwani umo katika jamaa hiyo hiyo, karibu na Thunbergia. Chembe za mchu zina mifuo mitatu tu ya kawaida, na Lindau asingeweza kuusoma undugu huo humo.