Hosana: kilio ndani ya shangwe

Jumapili ya Matawi tunaimba "Hosana" kwa vigelegele, kana kwamba maana yake ni "asifiwe". Asili ya neno hilo ni Kiebrania, hoshia na: okoa, twakusihi. Limo katika Zaburi ya 118, mojawapo ya zaburi za Haleli ambazo Wayahudi huimba wakati wa Pasaka na Sikukuu ya Vibanda. Siku ya saba ya Vibanda huitwa Hoshana Raba. Waumini huzunguka ndani ya sinagogi wakiwa na matawi mikononi, wakiomba wokovu na mvua. Basi umati uliomlaki Yesu Yerusalemu, nchi ikiwa chini ya Warumi, haukubuni wimbo mpya. Nami tangu nifahamu hilo siwezi kuliimba harakaharaka. Nasikia ndani yake watu waliochoka kutawaliwa.