Nishani ya Tai: Taarikhi ya Gerald Ford

Huko Nyeri, katika nchi ya Kenya, liko kaburi la Lord Baden-Powell, aliyefariki mwaka 1941. Bwana huyo ndiye aliyeanzisha uskauti Uingereza mwaka 1907. Uskauti ukavuka bahari, ukafika Marekani mwaka 1910, na huko cheo chake cha juu kabisa kikaitwa cheo cha Tai. Kukipata hakukuwa jambo la mchezo. Zama zile kijana alitakiwa kufaulu mitihani ya beji 21, zikiwemo za huduma ya kwanza, upishi, kupiga kambi na uraia.

Miongoni mwa waliokipata ni Gerald Ford. Alizaliwa mwaka 1913 katika mji wa Omaha, akaitwa kwa jina la baba yake, Leslie King. Baba huyo alikuwa akimpiga mkewe, hata mama akamkimbia, mtoto angali mchanga. Wakakaa Grand Rapids, Michigan, na huko mama akaolewa na Bwana Ford, mwuza rangi, aliyemlea mtoto yule kama wa damu yake na kumpa jina lake. Mwaka 1927, umri wake ukiwa miaka 14, kijana akavikwa nishani ya Tai. Miaka miwili baadaye alikuwa mmoja wa Skauti Tai wanane waliowekwa kulinda ngome ya kale katika kisiwa cha Mackinac, wakipandisha bendera na kuwaongoza wageni.

Mwaka 1934 alikuwa akicheza mpira katika timu ya Chuo Kikuu cha Michigan, pamoja na rafiki yake Willis Ward, mtu mweusi. Timu ya Georgia Tech ikakataa kucheza endapo Ward ataingia uwanjani, na wakubwa wa chuo wakakubali sharti lile la dhulma. Ford alighadhibika, akataka kujitoa. Ward mwenyewe akamsihi acheze, naye akacheza. Wako watakaosema kwamba ingalikuwa bora ashike msimamo wake, na hoja yao si dhaifu. Walakini jambo lile halikumtoka moyoni. Mwaka 1999, naye ni mzee wa miaka 86, aliandika gazetini habari za Ward, akiitetea nafasi ya wanafunzi weusi katika chuo kile kile.

Vita Kuu ya Pili ilipoikumba Marekani, aliingia jeshi la majini mwaka 1942, akapangwa katika manowari Monterey, yenye kubeba ndege. Tarehe 18 Desemba, 1944, tufani kubwa iliikuta meli hiyo katika Bahari ya Pasifiki. Kengele ya hatari ikalia, Ford akatoka mbio kwenda mahali pake pa kazi. Meli ikalala upande, naye akateleza sitahani mpaka ukingoni; kizuizi chembamba cha chuma, kimo chake kama inchi mbili tu, ndicho kilichompunguzia kasi asitumbukie baharini. Chini ndege zilikatika kamba, zikagongana na kuwaka moto, mabaharia wakauzima. Tufani ile ilizamisha manowari tatu, wakafa watu karibu 800.

Akawa Rais tarehe 9 Agosti, 1974, baada ya Nixon kujiuzulu. Ndiye Skauti Tai wa kwanza kushika kiti hicho. Mwezi uliofuata akamsamehe Nixon. Watu wengi walikasirika, wakadhani pana mapatano ya siri. Ford hakujificha, alikwenda mwenyewe mbele ya kamati ya Bunge akahojiwa. Mwaka ule ule ilipovuma kejeli kwamba yeye ni skauti mno, aliwaambia Waskauti kwamba alizirudia sheria zao kuzisoma, na kwamba nishani yake ya utotoni angali akiitunza. Mwaka 1976 akashindwa uchaguzi, na msamaha ule ukahesabiwa kuwa sababu mojawapo.

Alifariki tarehe 26 Desemba, 2006. Jeneza lake lilipofika Grand Rapids, Skauti Tai wapatao 400 walijipanga njiani, wakampigia saluti.